Fungate ya Kasuku

Mtu akinisifia kasuku mbele yangu natamani kutema mate, na kama tuko nje, natema. Watasema ni ndege mwenye akili, ana rangi nzuri, anafundishika kusema karibu. Wawili niliowatunza mimi hawakusema karibu wala kwaheri. Walipiga kelele kuanzia jogoo la kwanza, walikinyea kila kilichokuwa chini yao, na waliuma. Kidole changu cha shahada kina kovu mpaka leo. Vichwa vyao vilikuwa vya kahawia, miili ya kijani, na macho ya manjano yasiyopepesa, yanayokutazama kana kwamba wewe ndiye uliyenyea.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mpishi katika nyumba ya bwana mkubwa mmoja pale Kilosa mjini. Ofisi yake siitaji. Ameshakufa, na aliyekufa hasemwi sana. Mimi nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na mtu pekee niliyebaki naye duniani alikuwa mama yangu, aliyekuwa akilima peke yake upande wa Masanze. Mikutanoni bwana alituita sote ndugu. Nyumbani aliita mara moja tu, na mimi niliitika "Abee, bwana" nikiwa nimeshasimama mlangoni. Sikuona ajabu wakati ule. Ukishakula chakula cha nyumba ya mtu, huulizi sana.

Wale ndege aliletewa na mrina asali mmoja wa Mikumi, mzee mwenye mikono iliyojaa alama za moto, aliyekuja mjini kufuatilia shida yake. Watu wa huko hawaendi kwa mkubwa mikono mitupu. Wengine walileta jogoo, wengine mbuzi. Yeye alileta kikapu kilichofungwa kwa kamba za mgomba, na ndani yake ndege wawili waliokasirika. Bwana akafurahi mno. Akaita fundi, akajengewa banda la wavu nyuma ya nyumba, refu kuliko mtu, lenye paa la bati na matawi ya mpera ndani yake. Banda lenyewe wakaliegemeza kwenye ukuta wa jiko langu. Tangu siku hiyo nikawa napika na harufu ya mavi ya ndege puani.

Niseme kinyaa chenyewe, maana wapo wasioamini. Kasuku akimpenda mwenzake humtapikia. Anameza chakula, anakikoroga huko ndani, kisha anaanza kutikisa kichwa juu na chini kama mtu aliyekwamwa na mfupa, mpaka uji mweupe unamtoka, na mwenzake anaupokea mdomoni. Wakimaliza wanafutana midomo. Bwana aliagiza meza yake ya chakula ihamishiwe veranda ya nyuma ili awaone wakifanya hivyo. Alikuwa anakula huku anawatazama. "Ona wanavyopendana," ananiambia, na mchuzi unamchuruzika kidevuni. Nilikuwa naweka sahani nimegeuza uso.

Na huo ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwepo wanaujua. Mvua zilikuwa zimekataa, ukaja unga wa mahindi ya njano ya msaada, watu wakapanga foleni na vikapu tangu alfajiri, na ugali wake ulinuka gunia. Kasuku wa bwana hawakuula. Nilijaribu kuwapa, walionja kwa ncha ya mdomo wakautupa. Wao walikula karanga zilizomenywa, mtama, ndizi mbivu, na kila siku ya Mungu yai moja la kuchemsha, nililoagizwa kulivunjavunja pamoja na ganda lake kwa sababu eti jike anahitaji ganda ili atage. Nililivunja kwa hasira. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Huyu alimjua vizuri, alimpita kila asubuhi pale kwenye foleni akiwa ndani ya gari.

Habari ya kuwazalisha haikuanzia kwenye mapenzi ya ndege. Siku moja alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, mkubwa wa mkubwa wetu. Akawaona, akasema kwa mzaha kwamba makinda yakipatikana naye akumbukwe hata kwa moja. Mzaha wa mkubwa ni amri. Bwana alikuwa amechoshwa na Kilosa, na vumbi lake na mafuriko yake, alitaka uhamisho wa kwenda Dar, na tangu siku hiyo uhamisho wake ukakaa ndani ya tumbo la kasuku. Taabu ni kwamba hatukujua ni tumbo la kasuku yupi. Wale ndege wanafanana, dume na jike. Bwana alisema jike ni yule mwenye kelele. Mkewe akasema la, mwenye kelele ndiye mume, maana anafoka bila sababu na kazi hafanyi.

Wakati huohuo operesheni ya kuhamia vijijini ilikuwa imeshika kasi. Vitongoji vilivunjwa kimoja baada ya kingine, watu na vyungu vyao wakapakiwa malorini, wakashushwa mahali palipopimwa mistari. Sisemi vijiji vyote vilikuwa vibaya. Visima na shule nimeviona kwa macho yangu. Lakini mama yangu alikuwa na mahindi shambani, yametoa mbelewele, mahindi ya kwanza kumkubali baada ya kuunguzwa na jua miaka miwili mfululizo. Kitongoji chake kilikuwa kwenye orodha. Akihamishwa kabla ya kuvuna, nyani wangevuna wao, na yeye angekula nini? Nikajikaza, nikamwendea bwana akiwa veranda anatazama ndege wake. Nikapiga goti, nikasema, "Bwana, naomba mama yangu avune kwanza, ndipo ahame."

Hakugeuka kunitazama. "Wewe unajua kutunza vitu," akasema. "Nizalishie hawa. Kinda likitoka kwenye yai, mama yako namwachia mpaka avune. Hilo ni neno langu."

Ahadi ni deni, nikasema moyoni, nikatoka pale nimefurahi. Jumapili ile nikamtumia mama salamu kwamba bwana wangu amekubali kutusaidia, asiwe na wasiwasi. Nikiikumbuka furaha ile hata leo mwili unanisisimka kwa kinyaa.

Wa kwanza kuleta maarifa alikuwa mke wa bwana. Yeye alikuwa mtu wa hapohapo bondeni, amechezwa na kufundwa, na kwake tatizo lilikuwa wazi. "Hawa wamekaa fungate lini?" akaniuliza. Nikasema, sijui, mama. "Hawajakaa. Bibi harusi na bwana harusi wanafungiwa ndani siku saba, hawachunguliwi. Hawa kila apitaye anawakodolea macho, tena mwenye nyumba anakula mbele yao. Hata ungekuwa wewe, ungezaa?" Nilitaka kumwambia kwamba mimi sikuzaa hata mlango ulipokuwa umefungwa. Nikayameza.

Basi kasuku wakawekwa fungate. Tulizungushia banda zima kanga, doti saba, nyingine mpya hazijafuliwa bado. Kungwi akaitwa, bibi mmoja mcheshi wa mtaa wa nyuma, akaja akafukiza udi chini ya banda na kuwaimbia mafunzo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alipouliza mwali ni yupi, mke wa bwana akamwambia awafunde wote wawili, asihangaike. Mimi nikaamriwa kupeleka chakula mara mbili kwa siku, nikiingiza mkono chini ya kanga, uso nimeugeuzia upande kwa adabu. Hapo ndipo nilipoumwa kidole. Kuingia kufagia ilikuwa mwiko. Joto la bonde lile, juu yake bati, juu yake udi. Mimi nilisema kwamba hawa watakufa, nikaambiwa maharusi hawafi kwa kuwekwa ndani.

Siku ya saba wanawake wa jirani walikuja na vigelegele vyao tayari. Mke wa bwana akavuta kanga ya kwanza. Vigelegele vilikatikia kooni. Ndizi za siku saba zilikuwa zimegeuka uji wenye funza, mayai yamevunda, mavi yamegandamana kwenye matawi, na kanga zimetafunwa kutoka ndani mpaka zimekuwa matambara. Ndege mmoja alikuwa amenyonyoka kifua chote, imebaki ngozi ya kijivu yenye vipele. Mwenzake alikaa juu kabisa, amempa kisogo. Kungwi akaziba pua kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Hawa hawajapatana." Mke wa bwana akanigeukia mimi, kwa nini sikuzuia funza. Nilisugua banda lile siku mbili, nikatapika mara tatu, na kila nilipoinuka kutapika niliyafikiria yale mahindi, yatakuwa yamefikia wapi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda lori la mbao mpaka Mikumi, nikamtafuta yule mrina asali. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akichemsha masega kwenye debe, nzi wamemfunika mikono na wala hawafukuzi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote, na fungate yenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaniuliza, "Mmewapa nyumba?"

Nikasema wana banda kubwa kuliko chumba ninacholala mimi.

"Banda si nyumba. Kasuku anazaa ndani ya mti, kwenye giza, penye uozo. Ndimo nilimowatoa." Akaenda nyuma ya ghala, akaniburutia mzinga mkuukuu, gogo lililotobolewa katikati, limeliwa na mchwa upande mmoja. "Watundikieni huu. Usiusafishe. Na msiwachungulie." Hilo la mwisho akalirudia, akaninyooshea kidole. "Mama kasuku akiona jicho la mtu mlangoni kwake, anaacha watoto."

Mzinga ule ulinuka nta iliyochacha na panya aliyekufa zamani. Nilirudi nao nimeupakata juu ya mbao, mende wakitoka humo wakinitembelea ndani ya gauni, na abiria wenzangu wakasogea wakaniachia upande mzima wa lori. Mke wa bwana hakutaka takataka ile itundikwe kwake. Bwana akasema itundikwe. Siku tatu kasuku waliupigia kelele. Siku ya nne mmoja akaingiza kichwa, akatoka na mende mdomoni, akamtafuna taratibu, akamtapikia mwenzake. Nikajua mambo yamekuwa.

Aliyenyonyoka kifua ndiye aliyekuwa jike, akawa anaingia mzingani na hatoki. Mwenye kelele alikuwa mume, na mke wa bwana alitangaza jambo hilo mtaa mzima. Bwana nilimweleza aliyosema mzee wa Mikumi, neno kwa neno. Alivumilia wiki moja. Kisha akapanda kigoda na tochi, akachungulia, akashuka anacheka: mayai matatu. Karibu mwezi mzima nilikuwa napita chini ya mzinga ule nimeshika pumzi. Asubuhi moja nikasikia sauti ndani yake, ndogo, ya kukwaruza. Nilikwenda veranda mbio nikasema, "Bwana, limetoka." Alinipa mkono. Hakuwahi kunipa mkono kabla ya siku hiyo. Nikasema, "Na mama, bwana?" Akasema, "Si nimeshakwambia? Neno langu."

Ningekuwa na akili ningemwomba aandike barua saa ileile. Nilishukuru, nikaenda kupika.

Siku tatu zilizofuata nyumba ilijaa watu. Alileta wenzake wa ofisini, wake zao, na daktari, na kila mtu alipandishwa kigodani akapewa tochi. Siku ya nne jike akatoka mzingani, akakaa kwenye tawi, hakurudi tena. Yale mayai mawili mengine yaliviza. Likabaki hilo moja, na bwana akaliweka mikononi mwangu. Sijaona kitu kibaya kama kile. Lilikuwa uchi, jekundu, macho yamezibwa kwa ngozi, ngozi ya tumbo nyembamba hata utumbo unauona ukisokotana ndani, na kichwa kikubwa kinachotetemeka.

"Mtafunie," bwana akasema. "Karanga na yai. Utafune mpaka iwe uji, umpe mdomo kwa mdomo, kama mama yake alivyokuwa anampa." Nilisimama pale, mate yamenijaa. Akaongeza, "Likifa, mimi na wewe hatuna mazungumzo."

Nilitafuna. Kila baada ya muda mfupi, kutwa nzima, nilitafuna karanga na yai, nikaliinamia, nalo likaingiza mdomo wake wenye unyevu katikati ya midomo yangu na kunisukuma, likisukuma na kusukuma, kwa nguvu ambayo hukuitegemea kwa kitu kidogo hivyo. Lilinuka maziwa yaliyoharibika. Nikimaliza nilisukutua kwa chumvi na bado nililisikia ulimini. Wanawake wa kisimani walianza kuvuta ndoo zao kando nikifika. Sikuwalaumu. Nilikuwa najiambia, hili ni gunia moja la mahindi, hili ni la pili, hili ni la tatu.

Siku ya tisa ya kazi hiyo bwana alikuwa mezani na karani wake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jiko, kinda liko mapajani, kinywa kimejaa. Karani alikuwa anamsomea vitongoji vilivyokwisha kuhamishwa. Akakitaja cha mama yangu. Akasema hicho kilimalizwa tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

"Vizuri," akasema bwana.

Nilisogeza uji upande mmoja wa shavu, nikasema, "Bwana, huko ndiko kwa mama yangu."

Alinitazama, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Ah," akasema. "Malori yalikuwa yamekwisha kupangwa. Lori la serikali siwezi kulisimamisha kwa shamba la bibi mmoja." Kisha akaangalia mapajani mwangu. "Usiliache lipoe hilo."

Kinda lilikuwa limefungua mdomo. Na mimi nifanye nini? Wenye moyo watasema wangetema, wangeondoka, wangelitupa kwa paka. Mimi niliinama nikalilisha, nikachukua karanga nyingine, nikatafuna. Mavi ya kasuku nimeyasugua, funza nimewaokota kwa mkono, lakini nikitafuta kinyaa cha maisha yangu nakikuta hapo, kwenye ngazi ile, kwenye mdomo wangu mwenyewe.

Likaota manyoya, likapelekwa Dar ndani ya boksi la sabuni. Ndipo nikapewa Jumapili yangu.

Nilimkuta mama kwenye kijiji kipya, mstari wa pili kutoka barabarani, chini ya miti iliyosimikwa ambayo nusu yake tu ndiyo ilikuwa imeezekwa. Pembeni kulikuwa na kitanda chake na mlango wake wa mbao, umesimamishwa peke yake bila ukuta. Mifupa ya mabega ilikuwa imemtoka. Nikapiga goti, nikasema shikamoo mama.

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. "Umenawiri. Wanakutunza."

Ilikuwa kweli. Kwa yai na karanga zile nilizotafuna huwezi kukosa kumeza kidogo, na nilikuwa nimepata mashavu.

Nikamuuliza mahindi. Akasema nyani wamevuna. Alikuwa amerudi shambani mara moja kwa miguu, akakuta mabua yamelala, zimebaki kunde tu alizozipanda katikati, maana nyani hawakuzitaka. Alisema bila uchungu, akaniambia nisikunje uso. Kisha akanisogelea. "Lakini bwana wako ni mtu. Nyumba za wenzangu zilichomwa na milango yake ndani. Mimi wale vijana waliniambia, bibi, shika upande huo, wakanisaidia kung'oa mlango, wakaupakia na kitanda. Nikajua ni yeye. Si ulinitumia salamu kwamba atatusaidia?"

Walikuwa vijana tu wenye huruma, labda mmoja wao alikuwa na mama. Nilipaswa kumwambia. Nilifungua mdomo, nikamwangalia anavyoutazama mlango wake, nikaufunga. Akafungua fundo la kanga, akatoa kunde, mikono miwili iliyojaa, akazimimina kwenye kitambaa changu. Nikakataa. Akasema mtu akikutendea wema humwachi hivihivi. "Mpelekee. Mwambie nashukuru."

Kesho yake nilizipika kwa nazi, polepole, kama nilivyofundishwa na yeye mwenyewe, nikazipeleka veranda. Kasuku walikuwa bandani wanatapikiana. Bwana akala, akasema kunde nzuri hizi, nimezipata wapi siku hizi.

"Zimetoka kwa mama yangu, bwana," nikasema. "Anakushukuru."

Akaacha kutafuna. Mshangao wake ulikuwa wa kweli, hakujifanya. "Kwa lipi?" akauliza.

"Kwa mlango," nikasema.

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akasogeza sahani niongeze. Nikaongeza.